Poda Usoni mwa Papa Godefroid

Mwanaume ninayempenda alikuwa amelala chali kwenye sakafu ya makumbusho, anapiga picha kidevu cha marehemu baba yangu, na mimi nilikuwa nimemnunia tangu asubuhi.

Kununa kwangu mbele ya Kasereka kuna ubovu mmoja: nikimwangalia sana, kunakwisha. Kwa hiyo nilimpa kisogo, nikajifanya nasoma vibao vya maelezo ukutani, ambavyo niliviandika mwenyewe.

"Tracy, sogea kidogo. Kivuli yako inaingia mu photo."

"Kivuli yangu iko muzuri. Iache iingie."

"Najua iko muzuri. Mais papa yako atatoka na mapua mbili."

Nikasogea. Nikauma midomo nisicheke.

Kile kidevu kilikuwa cha shaba, msije mkafikiria vingine. Sanamu yenyewe ilikuwa Papa Godefroid mzima, fundi wa reli, kwa urefu wake mwenyewe, anatoka nyumbani alfajiri kwenda kazini na mfuko wake wa chakula mkononi. Mwili niliusuka kwa waya za shaba zilizotolewa kwenye mota kuukuu. Uso niliugonga kwa nyundo kwenye bati la shaba, kisha nikausugua kwa ndimu na majivu mpaka mabega yakaniuma. Nilimtengeneza baada ya kumzika, kwenye karakana yangu kule Katuba, nagonga na kulia, nalia na kugonga. Jumamosi watu wa Lubumbashi wangekuja kumwona, yeye pamoja na sanamu zangu nyingine.

Na wangemwona mara mbili. Mara ya kwanza hapa ukumbini. Mara ya pili kwenye ukumbi mwingine ambao Kasereka aliujenga ndani ya kompyuta, ukumbi wa kuingia kwa simu, uwe Kipushi, uwe Kalemie, uwe Ulaya. Anaipiga sanamu picha kila upande, mamia ya picha, kompyuta inazishona pamoja, na sanamu inasimama kwenye kioo cha simu yako, unaizungusha kwa kidole. Tulianza kugombana juu ya ukumbi huo siku ya kwanza tuliyojuana, na katika kugombana ndimo tulimopendana.

"Shaba inataka muntu asimame mbele yake," nilimwambia ukuta. "Asikie vile iko nzito. Mu téléphone yako hamuna uzito. Hamuna hata harufu."

"Na hapa hamuna mugongo," akajibu kutoka chini.

Hapo alinipatia. Watu wa makumbusho walimweka Papa karibu kabisa na ukuta, maana waliogopa wageni wakipita nyuma watanasa nguo kwenye waya. Mgongo ule ndio ulionichukua muda kuliko kitu kingine chochote. Sasa ulikuwa unaangaliwa na rangi ya ukuta.

"Mu salle yangu, kila muntu atauona ule mugongo," akaendelea. "Sasa nani anapenda papa yako zaidi, ni miye ao ni weye?"

"Kasereka, usinichokoze leo."

"Umeninunia juu ya tricot, haina juu ya mugongo."

Kweli ilikuwa juu ya tricot. Alikuja amevaa ile fulana ya depo ya baba yake, yenye picha ya gunia la mchele kifuani, siku ambayo mama yangu alikuwa anakuja kumwona kwa mara ya kwanza. Mama hakuambiwa kwamba anakuja kumwona. Aliambiwa anakuja kuona sanamu ya mume wake kabla ya watu wote, yeye na Papa Sylvain, kaka mkubwa wa marehemu. Lakini mama yangu, Mama Virginie, si mtu wa kudanganywa. Alikubali haraka mno.

Maneno yake juu ya Kasereka, ambaye ukoo wake ni Wanande wa Butembo, nilikuwa nayajua kwa moyo. "Banande beko bantu ya kazi, sikatae. Mais beko mu njia tu. Leo Lubumbashi, kesho Kasumbalesa, kesho ingine Butembo. Na shiye tuko ba Katolika, beye banasali kwao. Utaniacha na nani?" Na upande wa pili, Mama Domitille, mama wa Kasereka, alikuwa ameshamtafutia msichana Butembo, msichana anayejua Kinande na biashara. Alikuwa anangoja jibu moja tu: je, hao watu wa reli wanamtaka mwanangu au hawamtaki? Akiona wanasitasita, anampeleka kuoa kwao.

Nani angemjibu? Kwetu, nyumba ikiwa bado na kilio, habari ya ndoa hailetwi. Mama bado alikuwa kwenye nguo nyeusi, na siku ya kutosha kilio, yaani kuvua nguo nyeusi na kumaliza matanga, ilikuwa mikononi mwa Papa Sylvain, ambaye alikuwa anaisogeza tu mbele. Ndiyo maana nilitaka Mama amwone tu. Amwone, amsikie akiongea. Akimkataa leo, basi, imekwisha. Sikuwa na mama mwingine wa kwenda kumwomba.

Nilisikia Kasereka anainuka, anajipukuta. Akaja nyuma yangu, akasimama pale ambapo unamsikia mtu kabla hajakugusa.

"Tracy. Niangalie."

"Sitaki."

"Chemise nilileta. Iko mu sac. Ya bleu, mupya, na pasi nilipiga miye mwenyewe. Nilikuwa naogopa kuichafua mbele ya ba mama kufika."

Nikageuka. Sikupaswa kugeuka. Alikuwa na vumbi kwenye nyusi na kwenye kope, na macho yake yale ya kutulia, macho ya mtu ambaye hajawahi kunijibu vibaya hata siku moja nilipostahili. Hasira yote ikaniyeyuka. Nikamfuta vumbi la nyusi kwa kidole gumba, polepole kuliko vumbi lenyewe lilivyohitaji.

"Juu ya nini hukusema mapema?"

"Ukinuna unakuwaka muzuri. Nilitaka kuona kidogo."

"Uko mubaya, Kasereka."

"Niko mubaya, na ninaogopa," akasema, na sasa hakuwa anacheka. "Mama yako akinikataa, mi nitafanya nini? Niambie kweli."

"Hatakukataa."

"Umemuuliza?"

Nikaishika mikono yake, tukasimama hivyo mbele ya baba yangu kwa muda kidogo.

Kisha akakumbuka kazi. Akachukua tablette, uso ukamwingia wasiwasi mwingine. "Kuna kintu haiko sawa. Angalia."

Nikaangalia. Papa alikuwa amesimama kwenye kioo, mfuko mkononi, viatu vyake, kila waya mahali pake. Ila uso haukuwepo. Kati ya kola na kofia palikuwa na tundu jeusi, na kingo zake zimechanika chanika.

"Sura yake iko wapi?"

"Appareil haiioni. Uliisugua sana, inawaka. Nikipiga huku inaona dirisha, nikipiga huku inaniona miye. Machine haijui iko nini pale, inaacha shimo."

"Mi sitatosha ile mwangaza. Nilikufa na ile sura, Kasereka. Mikono ilivimba."

"Nani amesema utoshe? Niko na dawa yake. Haitaumiza kintu. Niachie tu kidogo, nitamurudishia papa sura yake."

Simu yangu ikalia. Mama alikuwa kwenye lango.

"Vaa chemise," nikamwambia, nikakimbia.

Nje jacaranda zilikuwa zimetoa maua, na jua la Oktoba lilikuwa halina huruma. Mama alikuwa amesimama kivulini na kitenge chake cheusi begani, mwembamba kuliko mwaka jana. Papa Sylvain alikuwa na suti ya kahawia na kofia, kana kwamba anaenda misa.

"Mutoto yangu," Mama akasema, akanikumbatia. Kisha, mdomo ukiwa bado kwenye nywele zangu: "Eko wapi ule munande?"

"Mama. Ulikuja kuona papa."

"Papa yako nilimuona miaka mingi. Ule mwingine njo sijamuona."

"Eko anafanya kazi mu salle."

"Anafanya kazi. Muzuri. Na mama yake, eko anafanya nini? Nilisikia ameshamupatia bibi kule."

"Virginie," Papa Sylvain akakohoa, "tuko mu kilio. Ile habari iache."

"Nimeacha. Nimeuliza tu."

Niliwatangulia nikiwa na furaha kidogo, nasema uongo nikisema sikuwa nayo. Mama kuuliza habari za mtu kwa wivu namna hiyo si dalili mbaya. Nikafungua mlango wa ukumbi.

Kasereka alikuwa ametupa mgongo, brashi laini mkononi, kopo la poda ya watoto miguuni. Shati la bluu alikuwa amelivaa, na hilo pia niliona, na liliniuma kuliko yote. Mbele yake baba yangu alikuwa mweupe pe. Paji la uso, mashavu, pua, midomo, mpaka kifuani. Papa Godefroid alikuwa amepakwa poda.

Mtu yeyote wa Lubumbashi anajua maana ya poda. Siku matokeo ya mtihani wa taifa yanapotoka, waliofaulu wanamwagiwa poda kichwani, wanazunguka mitaani weupe, wanaimba. Mzazi akitoka hospitalini na mtoto, poda. Bibi arusi, poda. Poda ni furaha, ni shangwe, na ndugu zako ndio wanaokupaka. Nyumba yenye kilio hata kopo lake linafichwa. Mama yangu hakuwa amejipaka hata mafuta usoni tangu tulipotoka makaburini, na sasa mume wake alikuwa amesimama mbele yake, mweupe, anachekacheka kama amefaulu.

Kasereka alisikia mlango, akageuka, uso wote tabasamu, mikono myeupe mpaka viwiko.

"Mama, karibuni. Papa, karibuni."

"Ni nani aliweka pudre ku bwana yangu?" Mama akauliza. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na sauti hiyo nilikuwa naiogopa tangu utoto.

"Ni miye, mama. Ni juu ya..." Hapo akaona nguo nyeusi. Nilimwona anaiona. Yeye pia amekulia hapa, kwenye nyumba yao ya Ruashi, yeye pia alimwagiwa poda alipofaulu. Brashi ikamdondoka. "Mungu wangu," akasema kwa sauti ndogo.

Papa Sylvain alivua kofia, akaivaa tena. "Huyu ni ndugu yangu," akasema. "Nilimuzika. Kilio yake hatuyatosha, bibi yake iko mu nguo nyeusi. Na weye, muntu ya inje, unamupaka pudre ya kushangilia. Unashangilia nini? Alikukosea nini?"

"Papa, haina vile..."

"Iko vipi? Tracy, ile kintu itoke hapa leo. Siitaki mu musée. Siitaki mu ba téléphone ya bantu, bamugeuze na vidole sawa bintu ya soko. Na weye, kijana, kusanya bintu yako. Nilisikia ulikuwa na habari ya kuleta ku nyumba yetu. Usiilete."

Nilitaka kumpiga Kasereka, nilitaka kumkinga, sikujua kipi kianze. "Papa mukubwa, ni juu ya photo, machine haioni..."

"Sijakuuliza."

Kasereka alipiga magoti palepale kwenye poda yake, mbele ya Mama, na wala hakujitetea. "Mama, pardon. Nilikuwa ninaangalia shaba, nikasahau muntu. Nitamupangusa sasa hivi. Itatoka yote."

"Usimuguse," Mama akasema.

Akamsogelea Papa. Akasimama karibu mpaka pumzi yake ikapeperusha poda kidogo shavuni mwa sanamu. Alimwangalia kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia Kasereka, akamtazama usoni moja kwa moja, kama hakimu.

"Juu ya nini ulifanya vile? Sema kweli. Uongo nitaijua."

Akamwambia. Akachukua tablette kwa ncha za vidole asiichafue, akamwonyesha kwanza yule Papa mwenye tundu. Mama akarudi nyuma hatua.

"Hapa alikuwa hana sura?"

"Hapana, mama. Tracy alimusugua sana, anawaka, appareil inaona mwangaza tu. Bantu bangefungua téléphone, bangekuta shimo. Mi sikutaka papa ya Tracy abakie shimo. Pudre inapunguza mwangaza, njo appareil inamuona. Nyuma ya pale tunapangusa na brosse. Angalia sasa, hizi nilipiga kabla hamuyaingia. Iko bado haijaisha, lakini angalia."

Akagusa kioo. Papa akatokea, na uso wake. Mzima. Mikunjo ya macho, lile kovu dogo juu ya mdomo, kila pigo la nyundo yangu.

Mama akaishika tablette kwa mikono miwili. Kwa bahati kidole chake kikateleza, na Papa akaanza kugeuka, taratibu, akatuonyesha shavu, akatuonyesha sikio, akatupa mgongo.

"Tracy," Mama akasema. "Ulifanya na mugongo?"

"Nilifanya, mama."

"Na hapa bakamuweka ku ukuta."

"Ndiyo, mama."

Alikuwa anaangalia kola. Papa alikuwa na koti la kazi ambalo kola yake ilijikunja kwa ndani upande wa kushoto, siku zote, na kila alfajiri Mama alimkimbilia mlangoni kumnyooshea kabla hajatoka. Mimi nilikuwa mtoto, nilikuwa nawaona kutoka kitandani. Ile kola niliisuka imejikunja vilevile. Mama akaweka kidole kwenye kioo, akaisugua pale ilipokunjika, kuinyoosha. Papa akazunguka. Akaisugua tena. Papa akazunguka tena. Machozi yalianza kumdondoka kwenye kioo, na Kasereka, bado amepiga magoti, akayafuta kwa mkono wa shati lake jipya.

Mimi nilikuwa nalia waziwazi. Mwaka mzima nilikuwa nabishana na Kasereka kwamba kwenye simu hakuna uzito.

Papa Sylvain alitazama pia, juu ya bega la Mama, akavua kofia tena. Lakini yeye ndiye mkubwa wa ukoo, na mkubwa wa ukoo hawezi kubadilishwa na kioo. "Iko muzuri," akasema. "Sikatae, iko muzuri. Mais pudre ni pudre, Virginie. Ku kwetu, muntu ya inje hapake mufu wetu. Ile ni matusi. Nikiacha, bantu batasema nini?"

Mama akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Papa Sylvain, nikuulize. Ku kwetu ni nani anapaka muntu pudre?"

"Ni ba famille yake. Unajua."

"Akipaka muntu ya inje?"

"Ni matusi, nimeshasema."

"Na akipaka muntu wa famille?"

Papa Sylvain akamwangalia Kasereka aliyekuwa chini. Akaniangalia mimi. "Virginie, unajua kintu unafanya?"

"Mi sitaki bwana yangu atukanwe," Mama akasema. "Alifanya kazi ya reli mpaka mugongo ikapinda, na siku aliacha kazi hakuna hata mumoja alimupaka pudre. Leo amepakwa. Sitaki ile ikuwe matusi. Basi."

Akairudisha tablette, lakini si kwa Kasereka aliyekuwa amenyoosha mikono. Alinipa mimi. Kisha akavuta kitenge kutoka begani, akakipandisha kichwani mpaka kikamfunika nusu ya uso upande ule wa Kasereka, akageuka ubavu. Macho yake yakaenda sakafuni na yakakaa huko.

"Tracy," akasema, "mwambie asimame, amalize kazi yake. Na apige photo ya mugongo tena, kola haionekani muzuri."

Kasereka alikuwa hatua moja kutoka kwake. "Ndiyo, mama," akasema. Mama hakumjibu. Hakugeuza hata kichwa. Alipita mbali naye, akizunguka chumba chote kwa kufuata ukuta ili asimkaribie, akatoka nje.

Papa Sylvain alibaki kidogo. Akaokota brashi iliyodondoka, akampa Kasereka. Mlangoni akanisemesha akiangalia kofia yake. "Kilio tutaitosha mbele ya Noeli. Nitaambia ba ndugu." Akamfuata Mama.

Nilibaki nimeshika tablette.

Kasereka aliinuka taratibu. Akaanza kukusanya nyaya zake, akizikunja moja moja, shati la bluu limejaa poda na machozi ya mama yangu.

"Nimekuharibia," akasema. "Ameniuliza, ananiangalia mu macho, nikasema Mungu eko, huyu mama ananisikia. Nyuma ya pale akanifungia sura. Hakuniitikia hata, Tracy. Amepita ku ukuta juu asinikaribie, sawa niko na ugonjwa."

Nikaanza kucheka. Sikutaka, kilinitoka tu, kicheko pamoja na machozi, nikakaa chini kwenye poda.

"Unacheka nini? Mi niko nakufa hapa, weye unacheka."

"Kasereka. Ku kwenu, mama mukwe na mukwe banafanyaka namna gani?"

"Namna gani? Banasalimiana. Banakula. Juu ya nini?"

"Ku kwetu hapana. Ku kwetu mama mukwe haangaliake mukwe wake mu macho. Hamusemeshake. Bakikutana mu njia, anajifunika sura, anapita kando. Akitaka kumwambia kintu, anatuma mutoto wake. Ni heshima. Haina heshima kubwa kupita ile." Nikajifuta machozi. "Muntu ya inje, anamuangalia tu. Alikuangalia ile saa ulikuwa bado muntu ya inje."

Alinitazama. Nyaya zilikuwa bado mkononi. Nikaona maneno yanamwingia moja baada ya lingine, kwanza kwenye macho, halafu kwenye mabega, halafu mikono ikaachia nyaya zote zikaanguka.

"Ile saa alisema usimame..."

"Aliniambia miye nikuambie weye. Mukwe."

Akakaa chini mbele yangu. Akanishika uso kwa mikono yake miwili myeupe, hakujali, sikujali, akaweka paji lake la uso kwenye langu. Alikuwa anahema kama aliyekimbia. "Sema tena," akasema. Nikasema tena. Akaniomba mara ya tatu, nikamwambia asiwe na tamaa.

Kisha akaruka, akaelekea mlangoni. Nilimwahi shati.

"Unaenda wapi?"

"Kumushukuru."

"Kasereka, huwezi."

Hakunisikia. Shati likaniponyoka, akatoka kwenye jua na mimi nyuma yake. Mama na Papa Sylvain walikuwa hawajafika mbali, wako chini ya jacaranda wanangoja taksi. Mama aligeuka kwa mlio wa viatu. Alipoona ni nani, akapiga kelele ndogo, akajifunika kitenge uso mzima, akakimbilia nyuma ya shemeji yake. Mama yangu, na magoti yale yanayomuuma, alikimbia. Na Papa Sylvain, aliyekuwa amesema usiilete habari hiyo kwetu, akasimama katikati, akafungua koti lake la suti ya kahawia pande zote mbili, akamficha.

Kasereka alisimama ghafla, mikono kichwani, hajui aende mbele au nyuma. "Nifanye nini?" akaninong'oneza.

"Rudi nyuma. Polepole. Usiangalie."

Akarudi kinyumenyume, macho chini, akijikwaa kwenye maua. Mimi ndiye niliyeangalia. Nyuma ya koti la Papa Sylvain nguo nyeusi ilikuwa inatikisika, na kwa kitambo nilifikiri Mama anaanza kulia tena. Kisha nikamsikia. Tangu tulipomzika Papa, nilikuwa sijamsikia mama yangu anacheka.